Debe la Mjerumani: kisa cha riwaya iliyofukua siri ya ukoo

Hiki kisa nakiweka hapa kwa ajili ya wenzangu mnaoandika riwaya za kihistoria, hasa wale wenye hadithi ya mali iliyofukiwa kwenye ukoo wao, na najua mko wengi maana kuanzia Tanga mpaka Kigoma ni shida kupata wilaya isiyo na mwembe, pango au gofu ambalo watu wanaapa kabisa chini yake kuna mali ya Mjerumani. Mimi nilikuwa mhariri wa muswada wenyewe kuanzia rasimu ya kwanza mpaka kitabu kilipotoka. Majina nimeyaondoa yote, undugu nimeubakiza kwa sababu bila undugu kisa hakieleweki, na kijiji sikitaji. Ila Tabora naitaja, maana historia yenyewe ilipita hapo na haina pa kwingine.

Wahusika wote wa ukoo waliotajwa hapa wamesoma haya maandishi kabla sijayaweka.

Familia na hadithi waliyolelewa nayo

Mwandishi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kakulia Dar lakini likizo zote za utotoni alikuwa anapelekwa kwao Unyamwezi kwa shangazi yake. Huko ndo alikoisikia ile hadithi. Kwamba babu mzaa babu, nitamwita Babu Mkuu, alikuwa mpishi wa afisa wa Kijerumani pale Tabora, na Wajerumani walipokuwa wanawakimbia Wabelgiji mwaka 1916 yule afisa akamkabidhi debe zima la dhahabu alifiche mpaka atakaporudi, Babu Mkuu akalifukia usiku chini ya mwembe, mzungu hakurudi, na Babu Mkuu akafariki bila kumwambia mtu ni mwembe upi.

Hadithi nzuri na ina mguu wa kusimamia, tena hapo ndo penye mtego, kwa sababu Tabora ya 1916 kweli ilikuwa na dhahabu. Waingereza walikuwa wameifunga bahari, hela haziji kutoka Ujerumani, na gavana Schnee na serikali yake walikuwa wamehamia Tabora ambako reli ilishafika tangu 1912. Askari wanadai mishahara, wenye mahindi na ng'ombe wanadai malipo. Basi wakaanza kutengeneza hela wenyewe kwenye karakana ya reli. Wakapiga sarafu za heller (hela ndogondogo za rupia) 5 na 20 kwa shaba chakavu, yakiwemo maganda ya mizinga, alafu wakapiga na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, upande mmoja tai na upande mwingine tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Zilipigwa kama 16,000 hivi basi, na Septemba 19, 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia mjini, Wajerumani wameshaondoka.

Kwa hiyo mtu akikwambia babu yake alifukia dhahabu Tabora 1916 huwezi kumwambia anaota. Ila Mwandishi hakuwahi kuuliza swali la pili: kama ni kweli, mbona hakuna mtu mzima hata mmoja kwenye ule ukoo aliyewahi kushika jembe akaenda kutafuta?

Rasimu ya kwanza

Ilikuwa na nguvu ya lugha, hilo niliona kuanzia ukurasa wa kwanza, alivyoandika soko la Tabora unasikia kabisa harufu ya asali na samli. Lakini hazina yenyewe ilikuwa ya sinema. Babu Mkuu anabeba debe limejaa sarafu za dhahabu peke yake, kichwani, usiku, anavuka mto, anapanda kilima, tena mwaka ni 1914, wakati zile sarafu zenyewe zilipigwa 1916.

Tulikaa na kalamu tukapiga hesabu. Sarafu ya rupia 15 ilikuwa na uzito wa gramu 7 na kidogo, rupia ya fedha ilikuwa karibu gramu 12. Debe la mafuta ya taa lile la lita 18 ukilijaza rupia za fedha linapita kilo 100 bila wasiwasi, na dhahabu ndo usiseme. Mpagazi wa misafara, mtu aliyezoea kazi hiyo maisha yake yote, mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kwenye kilo 30 na kitu. Kwa hiyo mpishi na debe lake hafiki hata uani.

Wengine wataona hayo ni mambo madogo, msomaji gani atapima debe? Mimi naona ndo mlango wenyewe. Mwandishi alipoona debe halibebeki akalazimika kupunguza, kutoka debe akaenda kwenye mkebe, na mkebe wa sarafu ni akiba ya mtu mmoja, hauwezi kuwa hela ya jeshi, na akiba ya mtu mmoja lazima ujiulize ni ya nani, kaipata wapi, na alikuwa anaiweka ili afanye nini. Maswali haya matatu ndo yaliyokuja kuibeba riwaya nzima, ila wakati ule hakuna aliyejua majibu yake yako hai na yanakunywa chai nyumbani kwa Shangazi.

Yaliyotokea

Wakati anaandika rasimu ya pili, Mwandishi alikuwa anatuma sura kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Nia yake ilikuwa njema, alitaka wazee wamrekebishe na vijana wafurahi. Na kwa sababu alitaka iwe na ukweli aliandika mahali kama palivyo: mwembe wenye shina lililogawanyika, kisima cha zamani, hatua ngapi kutoka ukuta wa tembe lililoanguka.

Binamu zake wawili hawakuisoma kama riwaya, waliisoma kama ramani. Wakawaza huyu kasoma, kaenda maktaba, kuna kitu kakigundua anatuficha, mbona ameandika mpaka hatua? Wakachangishana hela, wakamtafuta jamaa mwenye ditekta, wale wanaozunguka na mashine ya kupima madini, akawaambia mashine inalia, niongezeeni. Wakachimba shimo la kwanza hakuna kitu, la pili wakakuta mkebe wa bati umeliwa na kutu umebaki ukingo tu, na ndani ya udongo vipande vya sarafu ya njano. Mmoja akasugua na majivu ikang'aa, akapiga yowe mpaka kwa majirani.

Ilikuwa heller 20 za shaba. Taji juu, mwaka 1916, na herufi T ya Tabora chini yake. Nimeishika moja mkononi, ni nzuri kwelikweli na thamani yake ni ndogo, maana zilipigwa nyingi mno.

Lakini pale shimoni nani angewaambia? Wakaanza shimo la tatu usawa wa shina, na hapo ndo Shangazi akatokea. Mama wa zaidi ya miaka themanini, anatembea kwa fimbo. Hakugombana na mtu. Alivua kandambili, akateremka mwenyewe shimoni huku wale vijana wamemshika mikono kwa hofu asianguke, akatandika khanga yake akakaa. Akasema, "Mnamchimba bibi yenu."

Pale kulikuwa na mawe matatu ambayo watoto wote wa ukoo waliyakalia kula maembe miaka yote hiyo. Lilikuwa kaburi la mke wa Babu Mkuu. Hakuna aliyewahi kuambiwa.

Alichosema Shangazi

Hakukisema siku ile, wala hakukisema kwenye grupu. Alimpigia simu Mwandishi aende, na Mwandishi alipofika alikatazwa kurekodi. Hapa nampa heshima yake, kwa sababu mwenye haraka ya kitabu angebonyeza simu mfukoni, yeye aliiacha chumbani ikiwa imezimwa, akasikiliza mpaka Shangazi mwenyewe siku nyingine akamwambia leta sasa kimashine chako.

Bibi alikuwa mjakazi. Aliletwa mtoto kutoka ng'ambo ya ziwa, Manyema, kwenye miaka ya mwisho ya misafara, akakulia kwenye nyumba ya watu pale mjini. Watu wengi hawajui kwamba Mjerumani hakuufuta utumwa hapa kwetu. Alichofanya ni kuweka sheria za kuupunguza polepole: amri ya 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa kumlipa bwana wake, na amri ya 1904 ikasema atakayezaliwa baada ya Desemba 31, 1905 atakuwa huru. Waliokuwa watumwa wakabaki watumwa. Utumwa ulikuja kufutwa kabisa na Mwingereza, 1922.

Bibi alijikomboa mwenyewe. Reli ilipokaribia Tabora kulikuwa na vibarua maelfu wanataka kula, yeye alikuwa anawapikia na kuwauzia chakula, anampelekea bwana wake sehemu yake na nyingine anaificha, mpaka akafikisha. Akapewa hati ya uhuru yenye mhuri wa ofisi ya wilaya. Alafu akaolewa na Babu Mkuu, ambaye kweli alikuwa mpishi, hilo la mpishi halikuwa uongo.

Ila Bibi alikuwa na mdogo wake, kaachwa mtumwa kwenye nyumba nyingine. Mkebe ulikuwa hela ya mdogo mtu. Akaanza upya kuweka akiba, na vita ikamkuta katikati. Wajerumani wakawa wanalipa kwa noti za karatasi walizochapa hukuhuku, na mwenye mtumwa akasema karatasi siitaki nataka fedha. Nani angemlaumu kwa hilo tu la karatasi, kila mtu mwenye akili wakati ule alikuwa anaficha fedha na kukimbia karatasi. Kwa hiyo Bibi ana hela na hana hela. Babu Mkuu akachukuliwa upagazi 1916 Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma, hakuonekana tena. Yaani mwanamme wa ile hadithi ya debe, shujaa mwenyewe, hakuwa na hata nafasi ya kufukia kitu. Aliyefukia ni Bibi, peke yake, ana mtoto mchanga mgongoni, rupia chache za fedha, noti, heller za shaba na ile hati, akavificha visionwe na jeshi lolote lililokuwa linapita.

Mdogo wake alifariki kwenye yale mafua yaliyoua watu kila mahali 1918 kwenda 1919. Alikufa hajakombolewa. Baadaye Bibi akafukua, akatoa fedha akatoa na hati, noti mchwa walishazila, heller akaziacha humohumo hazikuwa na kazi tena.

Siri ya pili Shangazi aliitoa kwa shida zaidi. Mtoto wa Bibi, yaani babu yake Mwandishi, baba yao wakina Shangazi, miaka ya hamsini alikuwa anataka kiti kwenye baraza la mtemi. Yeye alizaliwa baada ya 1905, kisheria hakuwahi kuwa mtumwa hata siku moja, lakini watu walikuwa wanafuatilia nasaba kwa mdomo na mdomo hauna tarehe. Akaichoma ile hati. Alafu akaanza kuwahadithia wanawe habari za debe la Mjerumani, ili mtu akiuliza kwa nini bibi yenu alikuwa akifukua chini ya mwembe, jibu liwepo. Shangazi alikuwa anayajua hayo. Na Baba Mkubwa, mdogo wake Shangazi, naye alikuwa anayajua, kwa sababu siku hati inachomwa alikuwepo, mtoto mdogo.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa jepesi: sura zikaacha kutumwa kwenye grupu, na kila alama ya mahali ikabadilishwa. Kijiji kikahamishiwa kwenye kituo kingine cha reli cha kubuni, mwembe ukawa mkwaju, kisima kikaondoka. Sababu ni ya wazi, vijana wengine wangeweza kwenda na majembe.

La pili lilitugharimu mabishano. Je, hazina ibaki? Mwandishi baada ya kusikia yote alitaka kuitupa, akaona aibu kuuza kisa cha Bibi kwa kishawishi cha dhahabu. Mimi nilimshikilia aiache. Msomaji wa kwetu anaijua tamaa ya mali ya Mjerumani, anaibeba mwenyewe kutoka nyumbani, na ukimwingiza kwa tamaa hiyohiyo alafu akakuta chini kuna akiba ya mwanamke aliyekuwa anamnunua mdogo wake, hawezi kutoka alivyoingia. Tukaibakiza, ila tukakubaliana msomaji ajue mapema kwamba hakuna dhahabu, kabla hata ya theluthi ya kitabu, ili kurasa zilizobaki asome akitafuta kitu kingine.

La tatu ni idhini. Kisa ni cha nani? Shangazi alisema andika, nimechoka kukibeba. Baba Mkubwa akasema ukiandika mimi si baba yako. Na huyu siyo mtu mbaya, ana wajukuu wanaoolewa, ana jina msikitini, na anakumbuka enzi ambazo mtu akiambiwa mjukuu wa mtumwa kwenye posa, posa imekwisha. Baba mzazi wa Mwandishi alishafariki kwa hiyo hapakuwa na wa kati. Uamuzi ukawa hivi: wote wawili wasome sura zinazowagusa wakiwa nyumbani kwao, kwenye karatasi siyo kwenye simu, waseme chochote, ila neno la mwisho la kitabu ni la Mwandishi. Aliwaambia hivyo tangu mwanzo. Niliona watu wakikasirika lakini hakuna aliyesema alidanganywa.

La nne ndo lililoleta shida kubwa. Baba Mkubwa aliomba jambo moja tu, kwamba kwenye kitabu baba yake asionekane akichoma hati ya mama yake mzazi. Mwandishi kwa huruma akakubali, akaandika Bibi anaichoma mwenyewe.

Matokeo

Rasimu ile ilikufa mkononi. Niliisoma nikaona kurasa nzuri mpaka pale pa moto, alafu kila kitu kinapoa, kwa sababu mwanamke uliyemfuata kurasa mia mbili anauza chakula relini senti kwa senti ili apate karatasi ile, haiwezekani aichome kisa aibu. Aibu haikuwa yake. Tukimpa yeye kiberiti tunamrudishia mzigo ambao wengine walimtwika. Nilimwandikia Mwandishi hivyo, na Shangazi alipofika hapo akaiweka chini karatasi akasema, "Huyu simjui."

Kwa hiyo akaandika mara ya tatu. Safari hii mtoto wa Bibi ndo anachoma, lakini sura nzima iko ndani ya kichwa cha yule mtoto, mwanamme wa miaka arobaini, na tunaona anachohesabu: binti zake wawili wanaokaribia kuolewa, mpinzani wake ambaye babu yake alikuwa na misafara, kanzu yake nyeupe ya kwendea barazani. Hatumtetei, hatumlaani. Sura ikapelekwa kwa Baba Mkubwa na barua ya Mwandishi ya kuomba radhi kwamba ameshindwa kutimiza lile ombi, na kueleza kwa nini.

Alikaa nayo muda mrefu. Iliporudi hakuandika msamaha wala laana. Kwenye ule ukurasa wa moto Mwandishi alikuwa ameandika hati inatupwa jikoni kwenye mafiga. Baba Mkubwa kapiga mstari kwa kalamu ya wino, pembeni kaandika kwa mwandiko wa shule ya zamani: "Si jikoni. Alikuwa anapiga pasi kanzu. Alifungua pasi ya mkaa akaikunja akaitia ndani, akaifunga, akaendelea kupiga pasi."

Kilichapwa vilevile, neno kwa neno kasoro nafsi. Kwa maoni yangu ndo sentensi kali kuliko zote mle ndani na hakuna mwandishi angeitunga.

Kitabu kilitoka, hakijatajirisha mtu lakini kinasomwa. Baba Mkubwa anaongea na Mwandishi, salamu na habari za watoto, kitabu hawakitaji. Tawi moja la ukoo limejitoa kwenye grupu. Binamu wale wawili hela yao haikurudi, jamaa wa ditekta hapatikani, ila wao ndo waliofyatua tofali wakalijengea lile kaburi. Mwembe ulikatwa mizizi mingi na yale mashimo, upande mmoja umekauka.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi. Ile hesabu ya debe. Waandishi wengi wa historia wanatafuta tarehe na majina ya magavana, sawa, ni muhimu, lakini uzito, bei na umbali ndo vinavyolazimisha hadithi ikae chini. Mwandishi alijua hela gani ilikuwa inakubalika 1916 na ipi inakataliwa, na kwa hiyo Shangazi aliposema mwenye mtumwa alikataa karatasi, alielewa palepale uzito wa neno hilo. Mwingine angelipita. Alipokwenda Nyaraka za Taifa Dar kuangalia mafaili ya Kijerumani, kwa msaada wa mtu anayeisoma ile lugha, alikuwa anajua anatafuta nini. Utafiti haukutoa siri, utafiti ulimpa masikio ya kuisikia.

Pia usikilizaji wake. Wazee wetu wakiulizwa maswali kama polisi wanatoa ile hadithi ya wageni, ya debe. Shangazi aliulizwa habari za debe miaka mingi na akajibu za debe. Alipoulizwa Bibi alikuwa anapika nini, anauza wapi, alivaaje, hapo ndo mambo yakaanza kutoka yenyewe.

Kilichofeli kikubwa ni kuandika mahali pa kweli kwenye hadithi ya mali. Mapenzi unaweza kuyaweka kwenye mtaa halisi, hata mauaji, lakini mali iliyofukiwa hapana. Nchi hii kuna watu wameingia kwenye magofu na makaburi na misingi ya nyumba za watu kwa sababu ya uvumi mdogo kuliko sura moja ya riwaya. Kama Shangazi asingefika siku ile, wangeitoa mifupa. Na najua kuna atakayesema lakini bila lile shimo siri isingetoka. Kweli isingetoka siku ile, lakini Shangazi mwenyewe ameshasema alikuwa anasubiri mtu wa kuuliza vizuri, na nisingependa mtu yeyote ajifunze kwamba njia ya kumfungua mzee mdomo ni kumfukulia mama zake.

Lile la kubadilisha aliyechoma bado linanifikirisha zaidi ya yote, kwa sababu lilitoka kwenye huruma. Mwandishi alitaka kumlinda mzee aliye hai, akamwumiza marehemu asiye na wa kumsemea. Ukibadilisha kijiji hakuna anayeumia, ukibadilisha mti hakuna anayeumia, ukihamisha kosa kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine umeshahukumu kesi. Kipimo tulichokitumia baadaye ni hiki: kila badiliko tuliuliza linamwondolea nani mzigo na linamtwika nani. Yale yaliyomwondolea mtu bila kumtwika mwingine tuliyapitisha bila mjadala. Kuna rafiki yangu mhariri anaona kipimo hiki kinabana mno kwa kazi ya kubuni, kwamba riwaya si ushahidi wa mahakamani. Mimi naona pale ambapo wajukuu wa wahusika wanaweza kukinunua kitabu dukani, riwaya inakuwa na wajibu huo upende usipende.

Na kuna jambo hatukuligusa kabisa mpaka kitabu kiko mtaani. Ile nyumba iliyokuwa na yule mdogo mtu, iliyokataa noti. Wapo. Wako mji uleule, wameoana na ukoo wa Mwandishi kizazi cha kati hapa, wanazikana, wanachangiana harusi. Kwenye riwaya mwenye nyumba ni mtu wa upande mmoja tu, anakataa hela na anafunga mlango, basi, hatujui hata mkewe alikuwa nani, wala yule binti aliishije mle ndani, alilala wapi, alikuwa anamlea mtoto wa nani. Tulitumia nguvu zote kwa Baba Mkubwa tukasahau kwamba siri ile ina wenyewe wawili. Mama mmoja wa ule ukoo, shemeji kabisa wa Mwandishi, alimpigia baada ya kusoma akamwambia kwamba na wao kwao walikua wakisikia habari za "mtoto aliyekufa na mafua" ambaye bibi yao alimlilia mpaka anazeeka, na hawakuwahi kuambiwa alikuwa nani pale nyumbani.

Mwandishi ameshakwenda kumwona. Toleo la pili limesimamishwa kwanza, sura mbili za ile nyumba zinaandikwa upya, na safari hii za kusomwa kabla zinapelekwa milango miwili.